Zoezi Lipime Makabidhiano: Tunachojifunza kwenye Mazoezi ya Dharura ya Nchi Nyingi

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu waratibu wa maafa wa wilaya na kaunti, madaktari wa mifugo, maafisa afya wa mipakani, wenzetu wa uhamiaji, forodha na polisi, mabibi na mabwana.

Naanza na kauli yenyewe, ili mkitaka kunipinga mjue pa kunishika. Zoezi la nchi nyingi lina kazi moja ambayo zoezi la nchi moja haliiwezi: kupima makabidhiano. Mgonjwa anatoka mikononi mwa afisa wa nchi hii na kupokelewa na afisa wa nchi ile. Sampuli inavuka mpaka. Habari inatoka kwa daktari wa mifugo na kufika kwa daktari wa binadamu. Amri inatoka wizarani na kufika langoni. Kila nchi inaijua kazi yake ndani ya mipaka yake, na mambo hupotea pale pa kupokezana. Cha kusikitisha ni kwamba mazoezi mengi hupangwa kwa namna inayopakwepa pale pale. Kila upande unaonyesha mahema yake na vifaa vyake, picha zinapigwa, watu wanarudi makwao, na swali la nani anampokea nani linabaki bila jibu.

Nitatumia mfano ulio karibu nasi. Tarehe 11 hadi 14 Juni 2019, Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Kenya na Tanzania walifanya zoezi la uwanjani Namanga, mji wa mpakani kati ya nchi hizo mbili, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Serikali ya Ujerumani. Tukio la kubuni lilikuwa mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa. Huo ulikuwa uchaguzi mzuri, na inafaa kueleza kwa nini, maana kuchagua tukio ni nusu ya kazi.

Homa ya Bonde la Ufa huanza kwa mifugo. Mvua kubwa zinafurika mabondeni, mayai ya mbu yaliyokaa kwenye udongo mkavu kwa miaka yanaanguliwa, na kondoo, mbuzi na ng'ombe wanatupa mimba kwa wingi. Binadamu huambukizwa zaidi kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa: wakati wa kuchinja, wa kuchuna, wa kumzalisha mnyama. Wengi hupata homa ya kawaida tu na kupona. Wachache hutokwa damu na kufa. Mlipuko wa 2006 hadi 2007 uliua watu zaidi ya 300 katika Kenya, Somalia na Tanzania. Kwa hiyo tukio hili linamlazimisha mtu wa mifugo aseme kwanza na mtu wa hospitali asikilize. Linaingia machinjioni na mnadani, linagusa biashara, na mifugo yenyewe haijui mpaka. Mwaka 2000 ugonjwa huu ulipolipuka Saudi Arabia na Yemen, nchi za Ghuba zilifunga milango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, na wafugaji wakaumia kwa muda mrefu baada ya wagonjwa kupona. Tukio lililochaguliwa vizuri linawaweka mezani mtu wa biashara na mtu wa afya, na linawafanya wagombane mapema, kabla ya siku yenyewe.

Ndugu zangu, sasa tutazame sheria inasemaje kuhusu taarifa. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, nchi ina saa 48 za kutathmini tukio, na ikishaona kwamba linaweza kuwa dharura ya kimataifa, ina saa 24 za kuliarifu Shirika la Afya Duniani. Upande wa wanyama, taarifa ya haraka huenda kwa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, nayo ndani ya saa 24. Angalieni njia hizo mbili zinapopita. Taarifa inapanda kutoka zahanati hadi wilaya, wilaya hadi wizara, wizara hadi shirika la kimataifa, kisha ndiyo ishuke kwa jirani. Afisa aliye hatua chache ng'ambo ya lango anaweza kuwa wa mwisho kujua. Kwa hiyo swali la kwanza la kuandika kwenye malengo ya zoezi lolote la mpakani ni hili: tangu mtumishi wa kwanza upande mmoja alipotilia shaka, zilipita dakika ngapi hadi mwenzake wa upande wa pili alipoambiwa, na aliambiwa kwa idhini ya nani? Mkipima hilo peke yake na mkalipima sawasawa, zoezi limelipa gharama zake.

Jibu linalotokea mara nyingi ni kwamba mwenzake aliambiwa mapema, lakini kwa WhatsApp, kirafiki, bila idhini. Msiwakemee watu kwa hilo. Urafiki huo ndio unaookoa muda. Kasoro yake ni kwamba haukuandikwa popote, na mtu akihamishwa kituo unahama naye. Dawa ni waraka mfupi wa pande mbili, ukurasa mmoja, unaomruhusu afisa wa mpakani kumwarifu mwenzake wakati huohuo anapowaarifu wakubwa wake, ukitaja ni mambo gani anaweza kuyasema: dalili, idadi, mahali, tarehe. Jina la mgonjwa halimo.

Namanga kuna jambo jingine linalostahili kupimwa. Kituo cha Huduma za Pamoja kilichozinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018 kinafanya kazi hivi: msafiri anayeingia Tanzania anahudumiwa upande wa Tanzania, na maafisa wa Kenya wa kumgongea muhuri wa kutoka wako humo humo. Anayeingia Kenya ni kinyume chake. Sasa weka tukio hili kwenye zoezi: msafiri ameshagongewa muhuri wa kutoka Kenya, yuko kwenye foleni ya Tanzania, anaanguka, anatokwa damu puani. Anatengwa kwenye chumba cha nani? Gari la wagonjwa la nani linambeba, na kwenda hospitali ipi, ya karibu au ya nchi yake? Nani anafuatilia waliokaa naye kwenye basi kutoka Nairobi? Wekeni mtathmini mmoja hapo mwenye saa ya kuhesabu, akiandika ni dakika ngapi mgonjwa alikaa sakafuni wakati watu wazima wenye vyeo wanashauriana. Nawaambia kwa uzito wote: dakika hizo ndizo ripoti.

Nije kwenye upangaji. Zoezi kubwa la uwanjani la nchi mbili linahitaji mwaka mzima wa maandalizi. Kwa chini ya miezi sita mtakuwa mnacheza. Msianzie uwanjani. Anzeni na zoezi la mezani, yaani watu wanakaa na kulijadili tukio la kubuni kwa maneno, katika kila nchi peke yake, kisha zoezi la mezani la pamoja, kisha jaribio la kazi moja moja: simu, gari la wagonjwa, sampuli. Uwanjani mje mwisho. Nchi inayoletwa moja kwa moja uwanjani hutumia siku ya kwanza kugundua kwamba fomu zake za kuchunguza wagonjwa hazifanani na za jirani. Hilo mngeligundua mezani kwa gharama ya chai na karatasi.

Malengo yawe matatu, manne, yasizidi matano. Kila wizara italeta lake, na wafadhili pia watakuja na lao. Mkiyakubali yote, mtapata zoezi lenye malengo ishirini na jibu la hata moja hamtalipata. Kila lengo liandikwe kwa namna inayoweza kupimwa. "Kuimarisha ushirikiano" halipimiki. "Afisa wa zamu wa upande wa pili anapigiwa simu na kupatikana ndani ya dakika 30" linapimika.

Kisha kuna orodha kuu ya matukio, ambayo ndiyo moyo wa zoezi. Kila mstari una namba, saa, nani anautoa, nani anaupokea, kwa njia gani, na kitendo kinachotarajiwa. Mfano: saa 08:30, mfugaji upande wa Longido, Tanzania, anampigia afisa mifugo wa kata kwamba mbuzi 12 wametupa mimba ndani ya wiki moja. Saa 09:10, zahanati upande wa Kajiado, Kenya, inapokea mchinjaji mwenye homa ya nyuzi 39 na macho mekundu. Mistari hiyo miwili inahusiana, lakini msiwaambie washiriki. Kaeni muone ni nani atakayeiunganisha na itamchukua muda gani. Mkiwapa taarifa zote kwa pamoja kwenye mkutano wa asubuhi, mmewanyima kazi waliyoijia.

Makosa ya kawaida katika orodha hii ni mawili. La kwanza ni kumwaga matukio mengi saa mbili za mwanzo, watu wakazidiwa, halafu mchana hakuna kinachotokea. La pili ni kusahau kwamba kitendo kikikwama, matukio yanayofuata yanapoteza maana. Sampuli ikikwama forodhani, majibu ya maabara yaliyopangwa kutoka saa 14:00 yasitoke. Msimamizi mkuu awe na ujasiri wa kuyazuia, hata kama mgeni rasmi anasubiri kuyaona. Kutoa majibu ya sampuli ambayo haikufika ni kuwafundisha watu uongo.

Wekeni pia mtego wa kitaalamu mmoja au miwili. Kwa Homa ya Bonde la Ufa, mtego mzuri ni chanjo ya mifugo. Mlipuko ukishaanza, kukimbilia kuchanja ng'ombe na mbuzi ni hatari, kwa kuwa sindano moja ikipita mnyama hadi mnyama inasambaza virusi. Kwa hiyo mpeni mbunge wa kuigiza simu, apige kwa hasira akitaka chanjo ipelekwe leo hii, na mtathmini aandike kamati ilijibu nini.

Suala la saa na simu linaonekana dogo, na limeharibu mazoezi mengi. Sisi tunasema saa nne asubuhi, karatasi inasema 10:00, na taarifa za kimataifa zinakuja kwa saa za dunia (UTC), ambazo ziko saa 3 nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam. Kigali, Bujumbura na Goma ziko saa 1 nyuma yetu. Afisa akiandika "saa nne" kwenye daftari bila neno jingine, baadaye hakuna atakayejua ni 04:00, 10:00 au 22:00. Kanuni iwe moja: kwa mdomo semeni mnavyosema, kwenye maandishi yote tumieni tarakimu nne na mwandike saa za wapi. Kuhusu simu, mpakani mtandao wa jirani huinyakua laini yako, na namba iliyoandikwa 07 na kitu haimpati mtu wa ng'ambo. Namba zote za orodha ya mawasiliano ziandikwe na +254 au +255 mwanzoni, na ziwe za ofisi au za zamu, zisiwe za mtu binafsi. Muda wa maongezi wa kupiga nje ya nchi uwekwe mapema. Afisa asiye na salio la kupiga ng'ambo hana njia ya kumwarifu jirani, hata waraka uwe mzuri namna gani.

Sampuli za zoezi zinahitaji uangalifu wa pekee. Zifungashwe kama za kweli: chupa isiyovuja, chombo cha pili chenye kitu cha kufyonza, sanduku gumu la nje, na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ndani kuwe na maji, na kila tabaka liandikwe ZOEZI. Zipewe namba zinazoanza na Z na daftari lake maabara, ili zisichanganyike na sampuli ya mgonjwa halisi anayesubiri majibu. Zikifika mpakani, kile kinachokwama kwa kawaida ni karatasi: kibali cha kutoa sampuli nchini, kibali cha kuingiza, makubaliano kati ya maabara na maabara, bima ya gari ya kuvuka mpaka, ruhusa ya dereva wa serikali kutoka nje ya nchi. Msizitafute ruhusa hizo kwa njia maalumu kwa ajili ya zoezi. Mkipewa barua ya katibu mkuu ya kupita bila kusimamishwa, mmepima barua. Sampuli ipite njia ambayo ingepita Jumapili usiku.

Usalama sasa, na hapa naomba tusikilizane. Kila ujumbe, uwe wa redio, wa simu au wa karatasi, uanze na kuishia kwa maneno HILI NI ZOEZI. Kuwe na maneno ya kusimamisha yanayojulikana na wote, kwa mfano SI ZOEZI yakitamkwa mara tatu, kwa ajili ya mtu aliyeumia kweli au tukio lililoingia kweli. Msidhani ni jambo la nadharia. Siku ileile zoezi la Namanga lilipofunguliwa, Juni 11, 2019, Uganda ilithibitisha mgonjwa wa Ebola wilayani Kasese, mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo na familia yake siku mbili kabla. Uganda ilikuwa imejiandaa, na watumishi wa afya karibu 4,700 walikuwa wamekwisha kuchanjwa kabla mgonjwa hajaingia. Mpango wa zoezi lazima useme nani ana mamlaka ya kulisitisha, na magari gani, watu gani na vitanda gani haviguswi na zoezi kwa namna yoyote kwa sababu ni vya wagonjwa wa kweli.

Mtu aliyevaa vazi kinga kamili kwenye jua la mchana asizidi dakika 40 hadi 60. Avae na kuvua mbele ya mwenzake anayemwangalia hatua kwa hatua, maana uchafuzi mwingi hutokea wakati wa kuvua. Kuwe na maji ya kunywa, kivuli, na mhudumu wa afya halisi asiyeshiriki zoezi. Wasimamizi, watathmini, waigizaji na watazamaji wavae vizibao vya rangi tofauti, la sivyo polisi wa zamu atamhoji mtathmini na kumwacha mwigizaji apite.

Wananchi waambiwe mapema, na waambiwe tena. Wiki mbili kabla, kisha siku mbili kabla, kisha asubuhi yenyewe, kwa redio, misikitini, makanisani, kwa mwenyekiti wa kijiji upande huu na kwa chifu upande ule, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai. Picha ya mtu aliyevaa vazi jeupe akimbeba mgonjwa husambaa haraka kuliko tangazo lolote, na bei ya ng'ombe mnadani hushuka siku hiyohiyo kwa uvumi. Angalieni siku ya mnada kabla ya kuchagua tarehe. Wafugaji wenyewe wakaribishwe kama washiriki, kwa sababu wao ndio wanaoona mimba zikitupwa kabla ya serikali yoyote, na wao ndio wanaojua njia za panya ambazo mifugo na watu hupita bila kuona lango. Zoezi linalopima lango peke yake limepima sehemu ndogo ya mpaka.

Kuhusu posho nitasema kwa kifupi lakini waziwazi. Viwango vya nchi hizi havilingani, na watu wawili wanaofanya kazi moja chini ya hema moja wakilipwa tofauti, siku ya pili mtaona nani amechoka mapema. Kamati ya maandalizi ilimalize jambo hili kwa maandishi miezi mitatu kabla.

Tathmini ifanyike mara mbili. Ya kwanza ni jioni ileile, kabla watu hawajapanda magari, nusu saa kwa kila kundi, washiriki wa chini wakianza kusema na wakuu wakimalizia. Mkuu akianza kusema, wengine watakubaliana naye. Ya pili ni ripoti ya maandishi, ndani ya wiki sita. Ikichelewa zaidi, waliokuwepo watakuwa wamehamishwa. Ripoti nzuri haisemi "mawasiliano yaboreshwe". Inasema: namba ya zamu ya upande fulani haikupokelewa mara tatu kati ya saa 12:00 na 13:30 kwa sababu simu ilikuwa kwa mtu aliye likizo, simu ya ofisi inunuliwe, mhusika ni cheo fulani, mwisho ni tarehe fulani, fedha zinatoka kifungu fulani. Mapendekezo kumi ya namna hiyo yanatosha. Fedha za kuyatekeleza zitengwe ndani ya bajeti ya zoezi tangu mwanzo, hata kama itabidi kupunguza mahema. Ninaamini kabisa kwamba zoezi ambalo fedha zake zote zimeishia uwanjani limeachwa nusu.

Si lazima kila kipimo kiwe kikubwa. Nchi za Bahari ya Hindi hufanya zoezi la tsunami liitwalo IOWave, ambapo vituo vya Australia, India na Indonesia hutuma taarifa za tetemeko la kubuni na nchi za pwani, zetu zikiwemo, huzipokea na kuzishusha chini. Septemba 4 na 5, 2018 yalitumika matukio mawili: moja la eneo la Makran, linalowagusa sana Oman na Pakistan, na jingine la Sumatra. Nchi inaweza kuchagua kuishia kwenye kupokea ujumbe tu, au kuendelea hadi kuwahamisha watu wa kijiji kimoja cha pwani. Uhuru huo wa kuchagua kina chake ndio umeziwezesha nchi zenye uwezo tofauti kushiriki zoezi moja, na ni wa kuigwa.

Kwa mipaka yetu ya nchi kavu, pendekezo langu ni la gharama ya vocha. Mara moja kila mwezi, siku isiyotangazwa, mmoja wenu ampigie afisa wa zamu wa ng'ambo kwa kutumia orodha iliyobandikwa ukutani, aseme HILI NI ZOEZI, atoe taarifa ya kubuni ya mistari mitatu, na aombe irudiwe. Andikeni saa ya kupiga, saa ya kupokelewa, jina la cheo cha aliyepokea, na kama alirudia sawasawa. Mwezi mmoja apige wa Kenya, mwezi mwingine apige wa Tanzania, na angalau mara moja kwa robo mwaka simu hiyo ipigwe baada ya saa 22:00. Daftari lenyewe liwe moja, nakala mbili, na likaguliwe na pande zote mbili kwenye mkutano wa kila robo wa mpakani, likiwa ajenda ya kwanza.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.